Kichuguu Kinachogawa Maji

Kibondo,
14 Septemba 2013

Mwanangu Uwimana,

Kosa wanalofanya watu wengi wenye shamba la mteremko ni kuyatengenezea maji njia ya kuondoka. Wanainua matuta kutoka juu kwenda chini kwa sababu wanaogopa maharage kuoza. Mvua ya Novemba inanyesha, maji yanashuka kati ya matuta bila kizuizi, na mkulima anafurahi kwa kuwa miguu yake haizami. Kisha unafika ule ukame mfupi wa katikati ya msimu, mahindi yanasokota majani, na mtu huyo huyo anatazama mbinguni na kuuliza amemkosea nani. Maji yake yalishapita. Yako mto Malagarasi.

Nimeanza na hilo kwa sababu umeniandikia kwamba wewe na mumeo Claude mmepewa na wakwe zako shamba la mteremko huko Munanila, na unataka kujua pa kuanzia. Nilifurahi kupata swali. Tangu nistaafu ualimu hakuna anayeniuliza kitu. Watu wananiamkia vizuri, shikamoo Mwalimu, kisha wanapita.

Sasa sikiliza. Maji ya mvua yana haraka, na kazi yako ni kuyachosha. Ukiyafanya yatembee kwa upande badala ya kushuka, yanachoka, na maji yaliyochoka huingia ardhini. Kwa hiyo chimba mfereji unaokata mteremko kwa ubavu, kina chake kifike magotini, na udongo wake utupe upande wa juu. Wengi hutupa chini kwa kuwa ni rahisi. Ukiutupa juu, lile tuta litanasa udongo unaoporomoka kutoka shamba la juu yake, na miaka ikienda ardhi itaanza kujilaza yenyewe. Juu ya tuta panda matete. Mizizi itashika udongo na majani watakula mbuzi. Na mfereji wa kwanza uwe ule wa juu kabisa. Ukianzia chini, mvua moja ya nguvu itafukia kazi yako yote.

Huku mimi ni mzima. Mifereji yangu ni safi. Napika chungu kimoja kinanitosha siku mbili, maana tangu mke wangu Theodosia afariki sijajifunza kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Bukuru, mtoto wa marehemu kaka yangu, hupita mara kwa mara kuniuliza kama bado nalima shamba la kilimani. Namwambia ndiyo.

Simu unayosema ninunue sitanunua. Mtandao uko juu kanisani tu, na magoti yangu hayataki kupanda kila mtu anapotaka kunisalimu. Barua nitampa Nurudini, konda wa gari la Kasulu, aziache kwenye duka la nafaka la Zaitun kama ulivyoelekeza, mkija sokoni mzichukue.

Msalimie Claude.

Baba yako,
Melkiadi


Munanila,
20 Oktoba 2013

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Claude anakusalimu. Alitaka kuandika mwenyewe ila kazi zimembana.

Nimechimba mfereji wa juu kama ulivyosema. Mawifi zangu walikuja kusimama pembeni, mmoja akasema, "Mke wa Claude, kaburi refu hivyo, unamzika nani, chatu?" Nikamwambia namzika njaa. Walicheka, lakini hawakushika jembe.

Shida ni hii. Mvua ya kwanza ilipokuja, tuta lilikatika mahali pamoja, karibu na mwisho wa upande wa kushoto. Nikaziba. Likakatika tena hapo hapo. Nifanye nini?

Naomba unieleze kwa urefu, Baba, hata mambo unayodhani nayajua. Napenda ukieleza kwa urefu.

Unakula vizuri?

Mwanao,
Uwimana


Kibondo,
12 Novemba 2013

Mwanangu Uwimana,

Tuta lako halina ubaya. Ubaya uko kwenye jicho lako, na usikasirike, maana jicho la kila mtu ni hivyo. Ukisimama kwenye mteremko, kilima kinakudanganya. Mahali palipoinama unapaona pamelala sawa. Mfereji wako umeinama kidogo kuelekea kushoto, maji yote yanakimbilia huko, na mzigo wa shamba zima unaegemea sehemu moja.

Dawa yake ni kipimo cha miti mitatu. Chukua fito mbili za urefu wa mtu, zifunge kichwani, miguu yake uipanue, kisha funga ufito wa tatu katikati ili ipatikane herufi A. Pale kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha kipimo mahali unapojua ni sawa, weka alama uzi unapogusa ufito wa kati. Baada ya hapo uzi ndio jicho lako. Unaweka mguu mmoja wa kipimo, unausogeza mwingine juu au chini mpaka uzi uguse alama, unachomeka kijiti, unaendelea. Mstari utakaotokea utapinda pinda kama njia ya mbuzi. Usiunyooshe. Mkulima anayenyoosha mfereji ili upendeze anachimba kwa ajili ya wapita njia.

Ndani ya mfereji acha visiki vya udongo hapa na pale, usiuchimbe wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata kama umekosea kipimo kidogo, kila kipande kitashika maji yake.

Sasa nieleze shamba lako, maana sijaliona. Linatazama wapi? Maji yanaingilia upande gani? Kuna mawe, kuna miti? Mwalimu akimsahihisha mwanafunzi bila kuona daftari, anabahatisha.

Nakula. Jana mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikakaa barazani nikichora vipimo nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mchana Esteri jirani alipita na jembe begani akaniuliza nachora nini. Nilipoanza kumweleza akasema anawahi kwenye viazi.

Baba yako,
Melkiadi


Munanila,
6 Januari 2014

Baba Mwalimu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Kipimo nimekitengeneza. Ulisema kweli, jicho lilikuwa linanidanganya.

Shamba linatazama machweo. Juu kuna mawe meupe ambayo hayaotewi na kitu. Upande wa kushoto kuna uzio wa minyaa. Udongo wa kulia ni mwekundu, wa kushoto umekolea weusi kwa sababu ndiko maji yanakopenda. Katikati kuna kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi, na ubavuni kimeota mti mmoja uliopinda. Maji yakishuka yanafika kwenye kichuguu na kugawanyika. Mengi yanakwenda kushoto, machache kulia. Asubuhi baada ya mvua unaweza kusimama hapo ukaona michirizi miwili, mmoja mnene, mmoja mwembamba.

Kichuguu hicho kinakula nafasi. Nikivunje?

Kuna siku nakumbuka nyumba yako ilivyokuwa inanuka moshi wa mkaratusi. Huku wanapikia mkaa.

Claude anakusalimu.

Uwimana


Kasulu,
9 Februari 2014

Mzee Melkiadi,

Shikamoo mzee wangu. Mimi si mtu wa kuandika, Kiswahili changu cha maandishi ni cha risiti, unisamehe. Ni mimi Zaitun mwenye duka la nafaka karibu na stendi, ambako barua zako zinaletwa.

Binti yako Uwimana alishikwa na homa kali wiki iliyopita. Nilimpeleka hospitali akapewa dawa, sasa homa imeshuka, ila chakula anakitazama tu. Barua zako sijazisoma, amana ni amana, lakini namwona anazisoma hata akiwa anatetemeka. Nikasema huyu mzee lazima apate habari.

Usiwe na wasiwasi, yuko kwangu. Tangu kabla ya Ramadhani iliyopita analala chumba cha nyuma ya stoo, mchana ananipepetea maharage na kuyachambua. Ni mfanyakazi mzuri. Hasemi. Tangu yule mumewe aende kwenye dhahabu Mpanda akaoa huko, na ndugu wa mume wakamtoa kwenye nyumba na shamba, hajamtaja hata siku moja. Lakini haya nakueleza ya nini, wewe ndiye baba yake, unayajua kuliko mimi.

Ana kitu kimoja kinanichekesha. Akimaliza kupepeta, anachukua kijiti anachora mistari kwenye vumbi la sakafu yangu, inapinda pinda, halafu anaitazama. Nikamuuliza, "We Uwimana, unalima nini kwenye sakafu ya watu?" Akanijibu, "Nalima kwa baba." Kisha akafagia.

Wasalaam,
Zaitun


Kibondo,
15 Februari 2014

Ndugu Zaitun,

Nakushukuru kwa kumpeleka mwanangu hospitali na kwa kuniandikia. Ulidhani haya nayajua. Sasa nayajua.

Naomba jambo moja. Usimwambie kwamba umeniandikia. Yeye ananiletea habari za shamba la Munanila na salamu za mume. Mtu aliyejijengea nyumba ya maneno ana sababu zake, na ukimbomolea kabla hajapata nyingine atalala nje. Mwache aniambie mwenyewe siku atakayoweza.

Nurudini atakuletea chupa ya asali. Mpe kwenye uji, useme umeinunua sokoni.

Melkiadi


Kibondo,
2 Machi 2014

Mwanangu Uwimana,

Umeniuliza kama uvunje kichuguu. Usikivunje.

Watu huona kichuguu ni uchafu wa shamba. Kwenye mteremko ni mlinzi. Maji yanayotoka kwenye mawe huja yakiwa na nguvu, yanakigonga, yanapunguza mwendo, yanagawanyika. Ukikiondoa, mkondo wote utashuka moja kwa moja katikati, na baada ya misimu michache utakuwa na korongo mahali palipokuwa na mahindi. Unachotakiwa kufanya ni kusaidia ugawaji. Begani mwa kichuguu, upande wa kushoto, panga mawe machache kwa mshazari ili baadhi ya maji yageuzwe kwenda kulia kwenye udongo mwekundu wenye kiu. Usiyapange kama ukuta. Acha nafasi za kupenya, maji yakizuiwa kabisa hutafuta pa kubomoa.

Ili nikujibu vizuri nilitoka nikaenda shambani kwangu, kwa sababu na mimi nina kichuguu. Nilikwenda polepole na fimbo. Kirefu kuliko mtu, kina mti uliopinda ubavuni, na maji yake mengi hukimbilia kushoto kwenye minyaa. Nikasimama pale nikitazama michirizi miwili, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Mashamba ya nchi hii yanafanana sana.

Utakuwa unakumbuka ulivyokuwa unakifunika. Baba yako Nsabimana alikuwa amefariki, wewe ndiyo kwanza umekuja kukaa kwetu, huongei na mtu. Mvua ya kwanza ikinyesha unakata majani ya migomba, unafunika kichuguu, unaacha tundu moja na chini yake unachimba shimo, na kumbikumbi wakitoka wanaangukia humo. Theodosia aliwakaanga kwa chumvi ukapeleka bakuli kwa wazee, nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo watu walipoanza kukuita kwa jina lako badala ya mtoto wa yule Mrundi. Na hapo ndipo Theodosia alipokufundisha mila ya hapa: shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na kichuguu kikawa cha mwingine. Mwenye kichuguu ni yule anayekifunika.

Kula vizuri. Mwenye kuchimba hapaswi kuwa mwepesi.

Baba yako,
Melkiadi


Munanila,
22 Juni 2014

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, niliugua kidogo nikapona.

Tumevuna, si haba. Mawe niliyapanga kama ulivyosema na upande wa kulia umetoa maharage ambayo haujawahi kutoa.

Huku ni kelele tangu alfajiri, magari, wapiga debe, redio tatu kwa pamoja, lakini unaweza kumaliza wiki bila mtu kukuuliza chochote zaidi ya bei.

Kichuguu chako siku hizi kinafunikwa na nani?

Uwimana


Kibondo,
28 Septemba 2014

Mwanangu Uwimana,

Umeuliza nani anakifunika kichuguu. Hakuna. Na swali lako limekuja kuwa kubwa kuliko ulivyolikusudia, kwa hiyo nitalijibu lote.

Bukuru aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa mzee Nsengimana. Anafyatua matofali siku hizi, na udongo wa kichuguu ndio unaoshika kuliko wote. Alisema mbele ya watu, "Baba mdogo, shamba lako ni pori. Nilipita juzi nikatokea upande wa pili nina kupe. Mimi shamba siombi. Nipe kichuguu tu."

Nikaanza kumweleza kwamba kichuguu ndicho kinachoshika shamba lote. Nikafika kwenye nguvu ya maji, akanikatiza.

"Mwalimu, tulishamaliza shule."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka nao maana ningefanya nini. Kisha nikasema, "Hata ningetaka kukupa, siwezi. Kichuguu kile si changu."

"Ni cha nani?"

"Cha anayekifunika."

Mzee Nsengimana, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza, "Nani huyo?"

"Uwimana wa Nsabimana."

"Yule aliyeolewa Munanila?" Bukuru akasema. "Mtoto wa mkimbizi? Ameondoka zamani, na wala si wa ukoo."

"Na wewe wa ukoo ulileta bakuli gani nyumbani kwangu?" mzee akamjibu. "Yeye nilikula kumbikumbi wake, nikiwa na meno. Kichuguu hakikuulizi ulizaliwa wapi. Kinauliza majani yako yako wapi." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya utani. "Lakini Melkiadi, kichuguu kisichofunikwa hakina mwenyewe. Mvua ya kwanza mwenyewe aje akifunike kwa mkono wake, tumwone. Asipoonekana, Bukuru apeleke majembe."

Ndivyo walivyoamua, na nimekubali kwa sababu ni haki.

Bukuru hakusema uongo kuhusu pori. Nilikuandikia kwamba mifereji yangu ni safi. Haikuwa safi. Tangu Theodosia aondoke sikuwa nimefika huko juu; nililima vitu vya nyuma ya nyumba tu. Lilipokuja swali lako ndipo nilipopanda kwenda kuangalia, na baada ya hapo nikawa napanda kila asubuhi na panga. Nafyeka kidogo, nakaa juu ya jiwe, nafyeka kidogo. Mfereji wa juu nimeufikia. Umefukiwa, na kuufukua siwezi, jembe linarudi na mgongo unabaki.

Najua una shamba lako Munanila na una mume wa kumwomba ruhusa. Kama huwezi kuja nitaelewa. Niandikie tu nijue, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kakonko.

Baba yako,
Melkiadi


Kasulu,
12 Oktoba 2014

Baba,

Sina shamba.

Claude alikwenda Mpanda mwanzoni mwa mwaka jana, akapata mwanamke mwingine, akatuma ujumbe kwa ndugu zake kwamba nisimsubiri. Walinitoa vizuri, hawakunipiga. Walisema tu nyumba inahitajika. Nikafika hapa Kasulu, na Zaitun akanipa kazi ya kuchambua maharage. Hakuna shamba nililopewa na wakwe. Hakuna mfereji. Mawifi waliocheka kuhusu chatu niliwatunga mimi.

Nilikaa na karatasi nikitaka kukuandikia, habari nzuri sina, mbaya mkono unakataa. Nikaandika swali. Nilidhani utajibu kwa mistari miwili. Ukanijibu kurasa nne. Nikaona nikiendelea kuuliza utaendelea kueleza, na kwa muda wa kusoma barua nzima nilikuwa nyumbani.

Uliponiambia nikueleze shamba, nilikueleza la kwako, kwa sababu ndilo pekee ninalolijua hata nikifumba macho. Nikichambua maharage natembea ndani yake. Nilipoandika nikivunje kichuguu nilikuwa nataka kusikia ukisema usikivunje.

Siwezi kuja, Baba. Siku ya harusi ulinipa jembe mbele ya watu wote, ukasema mkono huu usikose udongo. Jembe lile walilichukua ndugu zake Claude. Nitapita njiani mbele ya Bukuru nimebeba nini? Watasema mtoto wa mkimbizi amerudi kudai ardhi ya watu. Watasema nawe ulinilea bure.

Mwambie mzee Nsengimana kwamba mwenye kichuguu hayupo. Unisamehe.

Uwimana


Kibondo,
19 Oktoba 2014

Mwanangu Uwimana,

Nimesoma barua yako mara moja tu, inatosha.

Tangu Februari nilijua kwamba uko Kasulu. Usimlaumu aliyeniambia, hakujua kwamba sijui. Kwamba shamba lako ni langu nilijua siku niliposimama mbele ya kichuguu na fimbo mkononi na barua yako mfukoni. Sikusema kwa sababu nilikuwa nafaidi. Mtu wa umri wangu akipata mtu wa kumuuliza mteremko unatazama wapi, haulizi kwanza kama mteremko upo.

Sasa nikueleze mambo matatu kisha ninyamaze.

Unaogopa watasema nini. Watasema. Bukuru atasema sana, ana mdomo na ana tanuru linalosubiri. Lakini wakisema wewe ukiwa hapa na mikono yako ina udongo, maneno yao yatapita kama maji yanavyopita kwenye mfereji uliopimwa. Wakisema wewe ukiwa Kasulu, yatachimba.

Kuhusu jembe, mimi ninalo la Theodosia na mpini wake bado ni mzima. Jembe halikumbuki harusi.

Kuhusu ardhi, sitakudanganya. Mila inakupa kichuguu, haikupi shamba. Shamba nataka kukusemea mbele ya serikali ya kijiji nikiwa bado nina sauti. Sijui kama watakubali, pengine watakataa mara ya kwanza. Lakini siwezi kumsemea mtu asiyeonekana. Nikisimama peke yangu watamwona mzee anayeongea na hewa. Ukisimama pembeni yangu watamwona mkulima.

Juzi jioni yalinyesha manyunyu, hayakulowesha hata vumbi. Bukuru alipita asubuhi iliyofuata akatazama juu kilimani, akatazama mbingu, akaniuliza, "Mwalimu, mgeni wetu yuko wapi?" Nikamwambia si mgeni. Akasema tutaona. Leo tangu mchana upepo umetulia kabisa na joto ni kali, na wewe unajua kumbikumbi hupenda hali gani. Majani ya migomba nimekata, yako chini ya mti uliopinda. Nimekata tu. Kufunika siwezi kukufunikia, watakuwa wanatazama.

Tukimaliza hilo tutaanza na mfereji wa juu. Mimi nitashika kipimo na kusoma uzi, wewe utachimba, na nitaeleza kila kitu hata mambo unayoyajua. Upande wa kulia ule wenye udongo mwekundu tutapanda maharage mapema. Nimepika chungu kizima tena leo, na nimeshindwa kukimaliza kama kawaida.

Barua hii usiijibu. Nurudini analala Kasulu, gari linarudi huku alfajiri.

Muage Zaitun leo.

Baba yako,
Melkiadi